Nani alizitoa processor zangu mbili kwenye mashine ya kwaya ya Baba Dogo?

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi humu huwa msomaji tu, sina mazoea ya kuandika. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mkikuta herufi zimepotea njia mnisamehe. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na majina nitayataja.

Nianze na pale pabaya kabisa.

Ni 1999, Jumapili, ibada imeisha. Niko kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu pale Baba Dogo. Mbele yangu kuna meza, na juu ya meza kuna kompyuta ya kwaya, imefunguliwa ubavu.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Obadiah, ananiambia nimwage vifaa vyangu vyote watu waone.

Nikamwaga. Chuma cha kuchomelea, lead ya kuyeyusha, bisibisi, koleo, waya wa simu, msumeno mdogo. Vikajaa meza.

"Na mifuko," akasema.

Nikageuza mifuko. Watu tisa wananiangalia, na kati ya hao tisa hakuna ambaye sijawahi kumtengenezea redio.

Pembeni amesimama Shadrack Lukoba, tuliyemwita Engineer kwa sababu ya diploma yake. Mkononi ana processor mbili, yaani ule ubongo wa kompyuta, alizozichomoa kwenye ile mashine.

"Hizi ni Celeron ambazo hazijaguswa," akasema. "Hazina hata tobo. Zile za kwaya umepeleka wapi, fundi?"

Nikamgeukia Mama Agnetta, katibu wa kwaya. Yeye ndiye alipokea mashine kutoka kwangu na akaiona ikiwaka sawasawa. Nikamwambia, "Mama, si wewe uliisoma? Waambie."

Mama Agnetta akaangalia chini. Akatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwemo.

Wakuu, hapo ndipo niliitwa mwizi bila mtu kulitamka hilo neno.

Sasa turudi nyuma muelewe.

Mimi nilikuwa fundi wa redio na amplifier. Kibanda changu kilikuwa karibu na stage ya matatu, mabati matatu na meza. Cheti sina. Fundi asiye na cheti ana jina lake tu. Mama anakuletea redio yenye kaseti za marehemu mumewe ndani kwa sababu jirani alimwambia "huyo hawezi kukubadilishia vitu". Hilo likienda umebaki na mabati.

Kwaya yetu ilikuwa ya watu wa kutoka Magharibi, wengi ni wafanyakazi wa reli na wa council. Waliimba mpaka watu wa madhehebu mengine wanasimama nje ya dirisha. Walichotaka ni kujirekodi wenyewe, kila sauti na njia yake, halafu zichanganywe ndani ya kompyuta. Studio za mjini zilikuwa zimewachosha kwa ahadi. Wakachanga, ikafika siku ya kuamua ni mashine gani.

Engineer Shadrack alitaka Pentium moja kubwa. Ile mpya, yenye sticker inayong'aa.

Mimi nikasema tuchukue Celeron mbili ndogo, tuzifunge kwenye board moja, halafu tuzikimbize kuliko mwendo ulioandikwa juu yake. Hiyo ndiyo overclock kwa wale hawajui. Kila moja ilikuwa imeandikwa megahertz 300, tuipeleke 450. Mbili zikivuta pamoja, moja inabeba sauti, nyingine inapiga hesabu ya kuzipamba.

Shadrack akacheka. "Kwaya ya heshima haiwezi kuimbia ndani ya Celeron. Hiyo ni ya watu wa kuandika barua."

Mzee Obadiah akamuuliza, "Lakini Engineer, hiyo ya fundi itafanya kazi ama haitafanya?"

"Haiwezi. Celeron zilitengenezwa zisikae mbili pamoja."

Na hapo alikuwa amesema kweli. Kiwandani zilikuwa zimefungwa njia moja ya umeme ili moja isijue kama mwenzake yuko. Lakini kulikuwa na watu nje huko walishagundua dawa. Unatoboa kitundu kidogo sana kwenye kile kibao cha processor, unakata ile njia, halafu unachomelea waya kuunganisha njia nyingine. Nilikuwa na karatasi ya mchoro ambayo mteja mmoja alinichapishia kwenye cyber. Kiingereza chake kilinishinda. Mchoro haukunishinda.

Nikawaambia kamati, nikiharibu nitalipa kwa kazi mpaka niishe. Wakanipa nafasi. Shadrack alinyamaza, na mimi nikadhani amekubali. Kosa langu la kwanza hilo.

Processor nilienda kuchagua kwa Musembi. Huyu alikuwa Mkamba, baba yake mchonga vinyago, yeye mwenyewe anauza vipande vya kompyuta kwenye chumba cha ghorofani mjini. Mtu mwenye subira ya ajabu. Alinitolea trei nzima.

"Chukua mbili uende," akasema.

"Sitaki mbili. Nataka mapacha."

Akaniangalia. "Fundi, hii si maternity."

Nikamweleza. Ukifunga mbili zikimbie pamoja, ile dhaifu ndiyo inaamua mwendo. Kama moja inafika 450 na nyingine inakwama njiani, umenunua mbili dhaifu. Kwa hivyo tukazisoma namba za ubavuni, tukatenga zile zilizotoka kiwanda kimoja na wiki moja. Za Costa Rica huku, za Malaysia huku. Zikabaki tisa za ukoo mmoja.

Zile tisa tukazijaribu moja moja kwenye board yake ya majaribio. Unaweka, unawasha kwa mwendo wa juu, unangoja. Musembi alikuwa anaangalia screen, mimi nilikuwa nagusa kwa kidole nyuma ya kibao. Hayo ni mazoea ya redio. Transistor inayoumwa utaijua kwa kidole kabla mita haijakuambia.

Nyingine zilikataa kuwaka kabisa. Nyingine iliwaka, ikakimbia, ikaganda. Mbili zikapanda moto polepole sawasawa, zikafika mahali zikatulia. Nilizijua hata kabla Musembi hajasema.

"Hizo," nikamwambia.

"Hizo zimekaa kama mabibi harusi," akasema. "Chukua kabla sijabadilisha mawazo."

Mnaosema overclock ni bahati, kweli bahati iko. Lakini bahati unaweza kuichagua kwenye trei ukipewa muda.

Nikaenda Majengo kwa fundi wa saa, akaniazima biti ya kutobolea, nyembamba kama unywele. Nikatoboa kwa mkono, nikizungusha kwa vidole, mchana kweupe kwenye mlango wa kibanda ili jua linisaidie. Waya nikatumia wa simu, ule wa bluu wenye mstari mweupe. Kitundu cha kwanza kilinichukua asubuhi nzima.

Nikafunga kila kitu. Nikaweka 450. Ikawaka.

Baada ya dakika kumi ikaganda.

Nikawasha tena, ikaganda. Siku mbili hivyo. Nikaanza kumlaani Musembi kwamba ameniuzia takataka, nikazichomoa na heatsink zake, yaani ule mgongo wa chuma wenye mapezi unaobeba feni, nikatembea mpaka mjini nimejaa matusi.

Musembi akafungua moja. Katikati ya processor na chuma akaona kijikaratasi kinang'aa.

"Hiki ni nini?"

"Mica."

"Ya nini?"

"Isipige shoti."

Wakuu, mafundi wa amplifier humu mtanielewa. Ile transistor kubwa ya amplifier mwili wake una umeme. Ukiifunga kwenye chuma bila mica katikati unalipua kila kitu. Miaka yote ile mkono wangu ulikuwa umezoea, chuma kwa chuma weka mica. Hata sikufikiria.

Musembi akakaa chini. Alicheka mpaka akatoa kitambaa.

"Fundi," akasema, "umemvalisha mtu sweta halafu unamkimbiza, na unakuja kunigombeza kwamba anatoa jasho."

Akatoa mica zote mbili, akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akafunga. Tuliziwasha pale pale kwenye board yenye nafasi mbili. Zilikimbia tangu saa nne mpaka anafunga duka. Hazikuganda.

Haya naandika ili mjue mimi sijifanyi sijakosea. Nilikosea, na aliyenikosoa alinicheka usoni, yakaisha. Bado ni rafiki yangu.

Nikaikabidhi mashine siku ya Alhamisi. Ilikuwa na Windows NT, ile ya kazi, ambayo ikiwaka inaandika kwenye screen ya bluu idadi ya processor ilizoziona. Mama Agnetta alikuwa mwalimu wa nursery, Kiingereza anakijua. Nikamwambia, "Mama, nisomee hapo."

Akainama. "Inasema processor mbili."

"Soma tena."

"Mbili, fundi. Sasa unataka nikuimbie?"

Akapokea. Siku iliyofuata Shadrack akaja kuichukua, akasema anaipeleka ofisini kwake kuiwekea program za kurekodi. Ikakaa huko Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ikaletwa kanisani, ikawashwa mbele ya kamati, ikaandika moja. Shadrack akashangaa sana. Akaomba bisibisi. Mengine mmeshayasikia.

Sasa nyinyi wenyewe pigeni hesabu ya siku. Alhamisi inasoma mbili. Ijumaa iko kwa Shadrack. Jumapili inasoma moja. Hata mtu wa darasa la saba anaiona.

Nilisema hivyo hivyo mle chumbani. Mzee Obadiah akaniuliza nani aliona hizo mbili, nikasema Mama Agnetta, na Mama Agnetta akawa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Shadrack ni mdogo wa mume wake. Wakati ule mume alikuwa amepunguzwa kazi kwenye reli, na Shadrack ndiye alikuwa analisha ile nyumba. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile niliona mwanamke amenikana tu.

Mzee Obadiah akafunga kikao. "Fundi, usirudi kwenye kwaya mpaka urudi na mali ya kwaya." Huyo naye namtaja. Hakuiba. Lakini alipima maneno ya watu wawili kwa kuangalia nani ana diploma. Ameshatangulia mbele za haki, na sina la kumdai tena.

Miezi iliyofuata sitaki kuiremba. Redio zikaacha kuja. Watu wananisalimia wakiwa wanatembea. Yule mama wa kaseti za marehemu alikuja kuchukua redio yake ikiwa bado haijapona, akaniambia ataipeleka kwa mwingine "karibu na nyumbani". Nyumbani kwake ni nyuma ya kibanda changu.

Nikaenda mjengo, nikabeba mawe. Mabati sikuyauza. Sijui kwa nini, nilikuwa nayaangalia kila asubuhi nikipita.

Halafu siku moja nimefungua kibanda nifagie, nikamwona Mama Agnetta amesimama na redio kwapani.

"Fundi, nimeleta redio."

"Ina shida gani?"

Akaiweka mezani. Nikawasha. Ikaimba vizuri kabisa.

"Mama, hii haina kitu."

"Najua haina."

Akakaa kwenye stuli. Mimi nikaendelea kufagia kwa sababu sikujua mtu hufanya nini.

"Niliisoma," akasema. "Nilisoma mbili. Nimewaambia watoto pale shuleni wasiogope kusema walichoona, halafu nikarudi nyumbani nikaosha vyombo."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji yangu atakula, hata sisi tutakula. Baba Agnetta amepata kazi ya udereva Jumatatu."

Jioni ile ile, kwenye mazoezi ya kwaya, alisimama kabla ya maombi. Sikuwepo, niliambiwa na watu watatu tofauti na wote walisema hivyo hivyo. Hakumshtaki mtu. Alisema tu, "Alhamisi ile nilisoma kwa mdomo wangu processor mbili. Fundi aliikabidhi nzima. Nilinyamaza, na kosa la kunyamaza ni langu." Akakaa.

Wazee wa bass waliinuka kutoka pale wakaja mpaka kibandani. Hawakusema samahani, watu wetu hawajui kulitamka. Mmoja alileta pasi, mwingine akaleta redio mbili, zote zilikuwa mbovu kweli. Yule wa pasi akaniuliza, "Sasa hiyo mashine inaweza kufufuka?"

Shadrack naye hakungoja kuulizwa. Wiki ile akasema amepata kazi mbali, na akaenda.

Zile Celeron mbili zilizokutwa ndani hazikuwa mapacha, kwa hivyo nikarudi kwa Musembi. Akatoa trei nyingine bila kuuliza. "Leo hakuna sweta?" Tukachagua tena, moja moja, kidole nyuma ya kibao. Safari hii mapacha walipatikana kwenye kundi la pili. Kwenye 450 hawakutulia, tukawaacha chini kidogo ya hapo. Sikuona haya. Mashine inayofanya kazi kwa mwendo mdogo ni bora kwangu kuliko inayoganda na sifa.

Siku ya kurekodi tulifunga madirisha ya kanisa kwa magodoro. Kanisa lenyewe ni mabati, mvua ikinyesha husikii mtu. Soprano wakaimba peke yao, halafu alto, tenor, na wale wazee wa bass mwisho. Nikazipanga zote nne, nikaongeza ule mwangwi wa program, nikabonyeza.

Kwaya nzima ilikuwa imesimama nyuma yangu. Walijisikia wakiimba ndani ya jengo kubwa la mawe ambalo hatukuwa nalo. Mzee mmoja wa reli akashika bega langu akasema kwa sauti ndogo, "Huyo wa chini ni mimi?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Tulirudisha nyuma mara sita.

Kutoka hapo jina langu lilirudi, na likaja na mengine. Makanisa yakaniita, nikatengeneza mashine za vichwa viwili nyingi tu. Leo niko Njiru, nina duka lililojengwa kwa mawe, nina vijana wenye vyeti wananiita mwalimu. Mama Agnetta ni mzee sasa na redio yake naitengeneza bure, ikiharibika na isipoharibika. Kwa hivyo msidhani nimekuja kulia. Nimeshinda, na bado nataka kushinda hii moja iliyobaki.

Kwa nini naandika leo?

Wiki iliyopita humu humu kulikuwa na uzi wa kompyuta za zamani. Jamaa mmoja anayetumia jina lake kamili, na jina hilo ni Shadrack Lukoba, akaweka picha ya Celeron yenye tobo. Akaandika: "Dual build yangu ya kwanza, processor mbili, 1999. Nilitoboa mwenyewe kwa mkono." Watu wakampa likes. Mmoja akamwita legend.

Nikaikuza ile picha. Waya wa simu, bluu, mstari mweupe. Lead imekaa kama ninavyoikalisha mimi mpaka leo. Nililala nikaamka nikaiangalia tena nisije nikamsingizia mtu. Ni mkono wangu.

Somo langu ni fupi. Unapokabidhi kazi, usikabidhi kwa shahidi mmoja, hata kama ni mtu mwema. Watu wema nao wana nyumba za kulisha. Na wewe uliyeona kitu, useme siku ile ile. Kusema baadaye kunasaidia, mimi ni ushahidi, lakini kuna mtu atabeba mawe katikati hapo.

Waliokuwa Baba Dogo miaka ile, wa kwaya na wasio wa kwaya, karibuni mchangie, hata kunipinga. Mkisema nilikosea mahali nitasoma.

Lakini Shadrack, wewe ninakuuliza peke yako.

Ulipiga picha upande mmoja wa processor moja. Zilikuwa mbili. Kwenye ile ya pili, upande wa nyuma, kuna kitu nilikifanya siku ile nilipokuwa natoboa mlangoni, ambacho sijakiandika kwenye huu uzi na sijawahi kumwambia mtu. Kabla ya kupost nimemtumia moderator wa jukwaa kwa PM, ujumbe wa siri, na ameniambia amekihifadhi.

Kama ulizitoboa wewe, unakijua. Kiandike hapa, halafu uigeuze ile processor ya pili upige picha. Picha isipoonyesha nilichomwandikia moderator, mimi nafuta uzi wote na naomba msamaha kwa jina langu.

Nimeona uko online tangu mchana. Jibu.